Malezi na Elimu: Daftari la Binti wa Olbalbal

Mwezi huu imetufikia barua ya ndugu yetu mmoja mwenye duka dogo huko Olbalbal, katika Wilaya ya Ngorongoro. Barua yenyewe si ndefu, walakini imetushughulisha kuliko nyingi zilizo ndefu. Atueleza ya kuwa binti yake ameingia Kidato cha Kwanza, na aliporejea nyumbani kwa likizo, baba alimkuta usiku mbele ya taa ameshika daftari la maneno ya Kiingereza, asoma na kucheka peke yake. Baba akalitwaa daftari akalitazama. Akaona kando ya neno "ponder" pameandikwa "kuponda vitunguu saumu". Kando ya neno "hamper" pameandikwa "hampa njia". Na chini ya neno "sombre" imechorwa picha ya mtu mwenye uso wa huzuni asombaye mawe. Baba akaona ya kuwa fedha za nauli, sare na vitabu zapotea katika mzaha. Akalichana daftari. Tangu usiku ule binti hasomi mbele ya baba yake, wala hamwulizi neno. Sasa ndugu yetu atuuliza: "Je, nimekosa?"

Jawabu letu ni hili, nasi twalitoa kwa heshima: Naam, ndugu yetu, umekosa. Walakini kosa lako ni la mzazi mwenye uchungu na mwanawe, na kosa la namna hiyo halikosi dawa. Binti yako hakuwa akicheza. Alikuwa akifanya kazi ambayo wataalamu wa elimu wameipima wakaiona ina faida. Tena ni kazi ambayo wewe mwenyewe ulifunzwa ulipokuwa mtoto chuoni, ila umeisahau. Natulieleze jambo hili kidogo kidogo, kwani hapana shaka wako wazazi wengi wengine wenye daftari kama hilo nyumbani mwao.

Kwanza tuutazame mzigo alionao mtoto. Katika nchi ya Tanzania, tangu mwaka 1967 masomo ya shule za msingi za serikali yafundishwa kwa Kiswahili; lakini mtoto akiingia sekondari, historia, jiografia, biolojia na hesabu zote zageuka kuwa za Kiingereza. Mtoto aliyezaliwa katika Kiswahili huvuka mto mmoja. Binti yako, kama ulivyotwambia, mama yake ni mwenyeji wa hapo, na lugha aliyoanza nayo ni Kimaa. Basi yeye amevuka mito miwili: kutoka Kimaa cha mama hadi Kiswahili cha shule ya msingi, kisha kutoka Kiswahili hadi Kiingereza.

Binti huyu ameona kwa macho yake namna mawingu yanavyomwaga mvua juu ya milima ya Ngorongoro, na namna upande wa chini, kwenu Olbalbal, nchi inavyobaki kavu na vumbi kupeperuka wakati wa kiangazi. Jambo hili alijua kuliko mtoto wa mjini aliyelisoma kitabuni. Walakini akiulizwa katika mtihani, kwa nini nchi fulani ni "arid", naye neno hilo halijui, atakaa kimya na kuandikiwa sifuri. Hakukosa elimu ya jambo. Alikosa jina lake tu. Hii ndiyo dhuluma ya maneno magumu: humfanya mwenye akili aonekane mjinga.

Basi atalishikaje neno "arid"? Njia iliyozoeleka ni kuliandika mara ishirini na maana yake, "kavu, kame", na kesho yake likawa limeondoka. Neno geni ni kama mbuzi aliyenunuliwa mnadani: usipomfunga usiku wa kwanza, asubuhi humwoni. Yataka kigingi. Na kigingi kizuri ni neno la nyumbani lenye sauti karibu na lile geni. "Arid" yafanana na "ardhi". Basi mtoto na aione akilini ardhi ya Olbalbal mwezi wa Septemba, imepasuka, haina jani. Akisikia "arid", sauti itamkumbusha ardhi. Na ardhi ile aliyoiona itamkumbusha ukavu. Hapo pana viungo viwili: kiungo cha sauti, kinachotoka kwenye neno geni hadi neno la nyumbani; na kiungo cha sura, kinachotoka kwenye neno la nyumbani hadi maana. Kikikosekana kimoja, kamba hukatika.

Sasa turudi katika daftari lililochanwa, tuone aliyoyaandika binti. "Ponder" maana yake ni kutafakari jambo kwa makini. Yeye akalifunga kwa "kuponda", kwani mwenye kutafakari huligeuza jambo akilini kama mchi ugeuzavyo saumu kinuni mpaka itoe utomvu wake. "Hamper" maana yake ni kumzuia mtu asiendelee. Naye akaandika "hampa njia". "Sombre" ni hali ya huzuni na giza. Naye akamchora msomba mawe ambaye uso wake umekunjamana kwa uchovu. Yakini, huyu si mtoto mzembe. Kwa kila neno amefanya kazi tatu: amesikiliza sauti, ametafuta mfano wake, na ameunda sura ya kuviunganisha. Na kile kicheko kilichokuudhi kilikuwa na kazi yake, kwani jambo la ajabu au la kuchekesha hukaa moyoni kuliko jambo lisilo na ladha.

Labda utasema: "Sisi tulihifadhi kwa kurudiarudia, hatukuhitaji mambo haya." Ndugu yetu, kumbuka vizuri. Ulipofunzwa tajwidi, mwalimu alikutajia herufi tano za kalkala, nazo ni kaf, ta, ba, jim na dal. Je, alikuachia uzihifadhi moja moja? Alikupa neno la kuzikusanya, "kutubu jadi", ukalitamka mara chache nalo halikutoka tena. Na herufi sita za idghamu je? Alikupa "yarmaluna". Vivyo hivyo "abjadi, hawazi, huti", ambayo watoto wameipokea kwa vizazi vingi ili wazipange herufi na hesabu zake. Hivi navyo ni vigingi. Wanavyuoni wetu walijua ya kuwa hifadhi ya mwanadamu haipendi vitu vilivyotawanyika. Yapenda vilivyofungwa pamoja. Kurudia walirudia, tena sana. Walakini walirudia kitu ambacho kwanza kimefungwa.

Na kama wataka ushahidi wa zama hizi, upo. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Kimarekani, Richard Atkinson na Michael Raugh wa Chuo Kikuu cha Stanford, walitoa khabari ya majaribio yao. Waliwapa wanafunzi maneno 120 ya Kirusi wayasome kwa siku tatu. Kundi moja lilifuata njia hii ya neno lenye sauti ya kufanana pamoja na sura ya akilini; kundi la pili liliachwa lisome kwa njia lizipendazo wenyewe. Walipopimwa, kundi la kwanza lilikumbuka maneno 72 katika kila mia, na la pili 46. Baada ya wiki sita wakapimwa tena bila ya kuarifiwa: kundi la kwanza 43 katika mia, la pili 28.

Tazama hesabu hizi kwa macho mawili. Jicho la kwanza laona ya kuwa wenye vigingi waliwapita wenzao kwa mbali. Jicho la pili laona ya kuwa hata wao, baada ya wiki sita, walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya walichokuwa nacho. Basi kigingi hakitoshi peke yake. Mbuzi aliyefungwa usiku wa kwanza, asipolishwa na kutazamwa, naye atakata kamba.

Hapa yapasa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna maneno yanayofanana kwa ujirani tu, na kuna yanayofanana kwa damu. "Arid" na "ardhi" ni majirani: la kwanza lina asili ya Kilatini, la pili ya Kiarabu, na sauti zimekutana kwa bahati. Vivyo hivyo "lenient", maana yake mpole asiye mkali katika kuadhibu, na neno letu "laini". Hata maana zimekaribiana, lakini nasaba yao si moja. Majirani hawa ni wema, tuwatumie. Ila tusiwazulie ukoo.

Lakini yako mengine ambayo ni ndugu kweli, na mtoto wa nyumba ya Kiislamu anayo hazina kubwa katika mlango huu. Neno "candid" kwa Kiingereza ni sifa ya mtu asemaye kweli bila ya kuficha. Mkumbushe mtoto kandili, imulikayo kila kitu kikawa wazi. Kandili yetu tuliipata kwa Waarabu, nao waliipata kwa Wagiriki na Warumi, katika neno la Kilatini lenye maana ya kung'aa. Na "candid" latoka katika shina lilo hilo. Neno "monsoon", zile pepo za kaskazi na kusi zilizovileta vyombo pwani yetu, ni "msimu" wetu: yote mawili yatoka katika Kiarabu "mausim". "Cipher", maana yake maandishi ya siri na pia tarakimu isiyo na kitu, ni ndugu wa "sifuri". "Alcove", kijichumba kilichoingia ukutani, ni "al-kuba", nayo kuba tunayo misikitini. Na "magazine", jina waliloliita Waingereza gazeti la namna hii tangu lilipotoka moja huko London mwaka 1731, asili yake ni "makhazin", yaani maghala ya kuwekea mali. Shina lake ni moja na "hazina". Mtoto akijua haya, haoni tena ya kuwa Kiingereza ni ngome ya watu wengine iliyofungwa. Aona ya kuwa ndani yake mna vyombo vya jamaa zake.

Na mfano mmoja mko nao mlangoni. Tarehe 17 Julai 1959, katika korongo lililo karibu nanyi, ambalo maji yake ya mvua humwagika katika bonde la Olbalbal, Mary Leakey alivumbua fuvu la kale sana, nalo likapewa jina la "Zinjanthropus". Mtoto akilikuta neno hili katika historia hutetemeka. Na alikate vipande viwili. "Zinj" ni Zanji, jina walilotumia Waarabu wa zamani kwa pwani ya Afrika ya Mashariki, nalo ndilo lililomo katika jina la Zanzibar. Kipande cha pili ni Kigiriki, maana yake mtu. Basi ni "mtu wa Zanji", na woga umekwisha. Wataalamu baadaye walilibadili jina la jamii yake, lakini vitabuni neno lile la kwanza lingali likitajwa.

Tumesifu, sasa tuonye, kwani njia hii ina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni wa sikio. Mwaka 1911 Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alifika katika korongo hilo hilo. Wamaasai huliita kwa jina la mmea uotao humo, mkonge mwitu, nao kwa Kimaa ni "oldupai". Sikio la mgeni likasikia "Olduvai", likaandikwa hivyo, na hata leo, baada ya miaka zaidi ya 100, vitabu vingi vya dunia vyaendelea na kosa lile. Basi ikiwa herufi moja iliyosikiwa vibaya yaweza kudumu namna hii katika ramani, itadumu vipi katika kichwa cha mtoto! Kwa hiyo neno lisikiwe kwanza kwa mwalimu au kwa redio, kisha ndipo litafutiwe mfano. Mathalan, neno "wander", maana yake kutangatanga, kwa macho lafanana na "kuwanda", yaani kunona. Na sura yake ni nzuri, ng'ombe atangatangaye malishoni huwanda. Lakini Waingereza hulitamka "wonda". Mtoto asiyeonywa atalisema vibaya maisha yake yote, kwa sababu ya kigingi chake mwenyewe.

Mtego wa pili ni wa maana. Neno la Kiingereza mara nyingi lina milango miwili au mitatu, na kigingi hufungua mmoja tu. "Hamper" ni kuzuia, lakini pia ni kapu lenye kifuniko. Tena kigingi chenyewe si maana: mtoto akiulizwa "ponder" nini, naye akajibu "kuponda", amesimama mlangoni hakuingia. Kwa hiyo kila neno litafutwe katika kamusi, na nyumba yenye wanafunzi haifai kukosa kamusi. Ile ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa mwaka 1996 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam imewafaa wengi.

Mtego wa tatu ni wa kukawia. Kigingi kimewekwa ili kiondolewe. Msomaji wa kweli akiliona neno "linger", yaani kukawia mahali, hana haja daima ya kumkumbuka mtu anayelinga njiani kwa maringo mpaka jua likachwa. Mara ya kwanza na ya pili, sawa. Mara ya kumi neno liwe limekwisha kuwa lake, lisimame kwa miguu yake. Na haliwi lake ila kwa kulitumia katika sentensi alizotunga mwenyewe na kulikuta katika vitabu avisomavyo.

Baada ya haya, wazazi watauliza: "Sisi hatujui Kiingereza, twaweza kusaidia nini?" Mwaweza sana. Kazi hii, kwa bahati njema, yahitaji lugha ya nyumbani kuliko ya kigeni. Usiku, baada ya chakula, mtoto na achague maneno matano, yasizidi, katika masomo yake. Alitamke neno kama alivyolisikia kwa mwalimu, kisha mama aulize: "Neno hili lafanana na lipi letu?" Nyumba nzima itafute. Akitaja "dwindle", maana yake kupungua kidogo kidogo, huenda ndugu yake mdogo akasema "winda", kwani wanyama wakiwindwa mno hupungua. Akitaja "pester", kumsumbua mtu kwa kuomba omba, yuko nani nyumbani asiyejua namna watoto wanavyoombea "pesa"? Na mama wa Kimaasai asidhani ya kuwa yeye hana la kutoa. Mtoto akitaja "sedate", yaani mtu mtulivu mwenye adabu asiye na papara, mama atasema kwa Kimaa "sidai", maana yake "nzuri". Basi mtu mtulivu ni "sidai". Kigingi hiki mwalimu wa mjini hangekipata.

Maneno yale matano yaulizwe tena asubuhi, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kisha mwisho wa mwezi. Lililokimbia lifungwe upya; lililozoea liachwe huru. Mwezi mmoja wa likizo, kwa maneno matano kila siku, ni maneno 150. Nusu yake yakibaki, si haba.

Kutokana na haya yadhihirika jambo ambalo twataka kila mzazi alishike. Wako wazee, khasa mijini, wanaowakataza watoto wao lugha ya nyumbani wakidhani ya kuwa Kiingereza kitaingia upesi. Wanavunja vigingi kabla mbuzi hajafika. Mtoto mwenye Kimaa, Kiswahili na herufi za Kiarabu ana mahali pengi pa kufungia neno jipya. Aliyenyimwa vyote hivyo ana mikono mitupu. Lugha ya mama si kizuizi cha lugha ya pili. Ndiyo ngazi yake.

Sasa twarejea kwako, ndugu yetu wa Olbalbal. Daftari lililochanwa halirudi, lakini aliyeliandika yupo, na likizo haijakwisha. Twaa daftari jipya katika duka lako mwenyewe, na kalamu mbili. Mwite binti yako mbele ya mama yake, umwambie wazi ya kuwa ulikosea kwa kutojua. Usione haya, mzazi hapungukiwi na heshima kwa kukiri kosa, bali mtoto hujifunza hapo namna mtu mzima anavyorudi nyuma akiona kweli. Kisha kalamu moja mpe yeye, na ya pili ibaki mkononi mwako, umwombe akufundishe maneno mawili matatu kati ya yale uliyoyachana. Utaona ya kuwa anayakumbuka yote. Na wewe ukiyakumbuka asubuhi yake, utakuwa umepata jawabu la barua yako bora kuliko hili letu.

Twataraji kupata khabari zenu muhula ujao. Wassalaam.